Huzuni Haikuziba Umio

Wagonjwa wa saratani ya umio wanaotoka Dirma na vijiji vya mpakani mwa Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, hufika hospitali na historia mbili. Ya kwanza ni ya chakula. Ugali ulianza kukwama, wakahamia kwenye uji, uji nao ukaanza kurudi, na sasa hata mate yanawashinda. Ya pili husimuliwa na ndugu aliyewasindikiza, nayo huanzia nyuma zaidi: mwaka ule mama alipofiwa na mwanawe, au shamba lilipouzwa bila yeye kuulizwa, au mume alipooa mke mwingine na kuhamia Basotu. "Tangu hapo, Daktari, chakula hakikupita vizuri." Muuguzi anaandika historia ya kwanza kwenye faili. Ya pili anaisikiliza kwa adabu, kisha anaiacha hapo hapo.

Uko utamaduni mmoja mkubwa wa tiba duniani ambao ungeanza na hiyo ya pili. Katika tiba ya jadi ya China, ugonjwa wa chakula kukwama njiani una jina lake, yege, na maelezo yake yamedumu karne nyingi. Mtu akikaa na majonzi, hasira au mawazo yasiyoisha, qi yake, yaani ile nguvu inayozunguka mwilini, hufungamana. Pale ilipofungamana makohozi hujikusanya, damu hutuama, na njia ya chakula hubana. Pombe kupita kiasi nayo imo kwenye orodha ya visababishi. Msingi wa fikra hizi uko katika Huangdi Neijing, kitabu chenye umri wa miaka kama 2,000, kinachoeleza jinsi kila hisia inavyoisukuma qi: hasira huipandisha, hofu huiteremsha, huzuni huimaliza, mawazo mengi huifunga fundo. Kila kiungo kikubwa kilipewa hisia yake: ini hasira, mapafu huzuni, wengu mawazo, figo hofu, moyo furaha. Hata furaha ikizidi ni ugonjwa, jambo ambalo waliolipwa pesa za mavuno kwa mkupuo na kuzimaliza mjini Katesh kwa wiki moja wanaweza kulithibitisha.

Katika karne ya 12 daktari Liu Wansu alikwenda mbali zaidi, na ndipo ninapomvulia kofia. Alifundisha kwamba hisia yoyote ikipita kiasi hugeuka joto mwilini. Baada yake akaja Zhu Danxi, aliyefariki mwaka 1358, aliyechambua namna mambo yanavyofungamana ndani ya mtu. Akaeleza pia uvimbe mgumu kama jiwe katika titi la mwanamke, akauhusisha na majonzi na hasira zilizorundikana siku baada ya siku. Hawakuwa na darubini wala maabara. Walikuwa na macho, vidole vya kupima mapigo ya damu, na subira ya kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize. Wakaona kwamba hisia na joto la mwili huenda pamoja kwa mtu mwenye uvimbe.

Waliona kweli. Ila walipokuja kwenye swali la kipi kinamzaa mwenzake, nadhani walikosea kwa sehemu kubwa, na kosa lao ndilo hilo hilo analofanya ndugu wa mgonjwa wetu kutoka Dirma.

Joto walilolizungumzia lina jirani yake wa karibu katika tiba ya leo, nao ni mchochota. Mwiba wa mgunga ukikuingia mguuni na ukabaki humo, pale mahali panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto na panauma. Chembe nyeupe za damu zimeitwa, na zinazungumza kwa kemikali ndogo ziitwazo saitokaini. Mwiba ukitoka, mkutano unavunjika. Uvimbe wa saratani hauvunji mkutano. Mjerumani Rudolf Virchow alikwishaziona chembe nyeupe ndani ya uvimbe mwaka 1863, na mwaka 1986 Mmarekani Harold Dvorak akaonyesha kwamba saratani huishi mwilini kwa kutumia mbinu zile zile za kidonda kinachojaribu kupona, ila hiki hakiponi. Miezi na miaka uvimbe unamwaga saitokaini katika damu, mojawapo ikiwa ni intalukini-6, na ini linajibu kwa kutengeneza protini inayoitwa CRP, ambayo maabara nyingi za hospitali zinaweza kuipima.

Saitokaini hizi haziishii kwenye uvimbe. Zinafika kwenye ubongo kwa njia ya damu, na nyingine hupeleka habari kupitia neva ndefu inayoshuka kutoka kichwani hadi tumboni. Ubongo ukipokea habari hizo unabadilisha tabia ya mwenye mwili. Hamu ya kula inakwisha. Usingizi unavurugika. Mwili unakuwa mzito, mtu anajitenga, mambo yaliyomfurahisha hayamfurahishi tena. Kila aliyewahi kuugua malaria kali anaijua hali hiyo, maana ameipitia kwa siku mbili au tatu, akalia bila sababu na kugombana na kila aliyemletea uji. Kwa mgonjwa wa saratani hali hiyo hukaa, na majirani huisoma kama huzuni. Na huzuni ni kweli ipo, ila chanzo chake kimojawapo ni kemia ya uvimbe.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili haukutafutwa, ulitokea wodini. Madaktari walipoanza kuwapa wagonjwa wa saratani ya ngozi dawa iitwayo intaferoni alfa, ambayo ni saitokaini yenyewe iliyotengenezwa kiwandani, waliona watu waliokuwa wachangamfu wakiingia kwenye sonona nzito ndani ya wiki chache. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo lakini safi. Wagonjwa 40 waliokuwa wanakaribia kuanza intaferoni waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa dawa ya sonona mapema na jingine vidonge visivyo na dawa. Katika kundi lisilo na dawa asilimia 45 walipata sonona kamili, katika lile la dawa asilimia 11. Hakuna aliyefiwa wala kunyang'anywa shamba kati ya Jumatatu na Ijumaa. Waliingiziwa saitokaini, huzuni ikafuata.

Sasa rudi kwa mama wa Dirma. Uvimbe wa umio hauanzi siku ugali unapokwama. Umio hutanuka, na kwa hiyo mtu huanza kuhisi chakula kinazuiwa pale ambapo njia imekwishakuzibwa kwa sehemu kubwa. Kabla ya hapo uvimbe umekuwa ukikua kimya kwa muda mrefu. Yamkini mwaka ule anaoukumbuka ndugu, mwaka wa msiba, uvimbe ulikuwa tayari umekaa na umekwishaanza kumnyima mama hamu ya kula na usingizi. Msiba ulimkuta mtu ambaye mwili wake ulikuwa umekwishaelemewa, na familia ikaunganisha kilichoonekana na kilichokumbukwa. Kwa saratani ya kongosho jambo hili limeandikwa tangu 1931: wapo wagonjwa ambao wasiwasi na sonona vilitangulia maumivu na macho kuwa ya manjano, wakapelekwa kwa wataalamu wa akili kabla ya kufunguliwa tumbo.

Na je, njia ya upande wa pili, kutoka moyoni kwenda kwenye uvimbe, haipo kabisa? Ingekuwa na nguvu kama inavyosemwa, tungeiona katika takwimu kubwa. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa watu wapatao 116,000 wa Ulaya waliofuatiliwa kwa miaka, kuangalia kama wenye msongo mkubwa kazini hupata saratani zaidi. Hawakupata zaidi, si ya utumbo mpana, si ya mapafu, si ya titi, si ya tezi dume. Msongo wa kazini si sawa na kuzika mtoto, nakubali. Lakini nadharia inayosema hisia huzaa uvimbe ingetakiwa kuacha angalau alama ya mguu katika umati mkubwa namna hiyo.

China yenyewe ina ushahidi mwingine, na ndio ninaoupenda kuliko wote. Katika wilaya ya Linxian, mkoani Henan, saratani ya umio iliua watu kwa kiwango cha kutisha, na watafiti walipokwenda huko katika karne iliyopita waligundua kwamba hata kuku waliokuwa wakifugwa majumbani walikuwa wakipata saratani ya koo na umio. Kuku hana mke mwenza, hana kesi ya mpaka wa shamba. Kitu fulani katika chakula, maji au moshi wa nyumba zile kilikuwa kikiwafikia binadamu na kuku pamoja. Huko Linxian majaribio ya kuwapa watu wapatao 30,000 vitamini na madini yalianza katika miaka ya 1980, kwa sababu shaka ilikuwa imeelekezwa kwenye sahani na wala si kwenye majonzi.

Mgonjwa wetu anaishi katika ukanda mwingine wa dunia wenye ugonjwa huo huo. Kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na kuendelea kusini, saratani ya umio ya aina ya skwamasi, inayoanzia kwenye chembe bapa za utando wa umio, ni nyingi kuliko inavyotarajiwa, na inawapata hata watu wenye umri mdogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeifuatilia Eldoret, Moshi na Malawi. Utafiti mmoja wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2015 ulipima kitu ambacho wengi wasingefikiria kukipima: joto la chai. Watu walianza kunywa chai yao ikiwa na nyuzi joto kama 70 kwa wastani. Mwaka uliofuata IARC ikatangaza kwamba vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Kwenye mikutano na semina nimeona watu wakilipokea hili kwa kicheko, kwa sababu chai ya vuguvugu kwetu ni ishara ya mwenyeji asiyejali. Na uwanda huu wa Hanang una baridi ya asubuhi inayomfanya mtu akikumbatie kikombe kwa mikono miwili. Lakini kusubiri dakika chache ni tiba isiyolipiwa hata shilingi moja. Tumbaku na pombe kali nazo zimo kwenye orodha ya watuhumiwa, na moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha bado unachunguzwa.

Sisemi kwamba hisia hazifanyi kitu chochote ugonjwa ukishaingia. Wanyama wa maabara wenye uvimbe wanapowekwa kwenye msongo, adrenalini na ndugu yake noradrenalini hufika mpaka kwenye uvimbe, na uvimbe huota mishipa mipya ya damu kwa haraka zaidi. Kwa binadamu hadithi haijanyooka. Mwaka 1989 David Spiegel alitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya titi iliyosambaa, waliokutana kila wiki katika kikundi cha kuzungumza hofu zao, waliishi karibu mara mbili ya wenzao: wastani wa miezi 36 dhidi ya 19. Habari ikazunguka dunia. Mwaka 2001 utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 235 nchini Canada, ulirudia jambo hilo na haukupata hata mwezi mmoja wa ziada wa maisha. Ulichopata ni kwamba wanawake waliokaa kwenye vikundi walipungukiwa na maumivu na majonzi, hasa wale walioanza wakiwa na hali mbaya zaidi.

Watu wengi huisoma habari ya 2001 kama kushindwa. Mimi naiona tofauti. Mtu mwenye saratani ya umio iliyochelewa, ambaye miezi iliyobaki haitabadilishwa sana na dawa yoyote tuliyo nayo, ana haki ya kupunguziwa maumivu na majonzi katika miezi hiyo hata kama haiongezeki. Kuchanganya mambo haya mawili kumeumiza wengi. Mwaka 1978 Mmarekani Susan Sontag, aliyekuwa mwenyewe ameugua saratani, aliandika kitabu kizima kupinga tabia ya kumtwisha mgonjwa lawama kwamba aliuzaa ugonjwa kwa kuzuia hisia zake. Lawama hiyo iko kila mahali, na kwetu imevaa nguo zake.

Katika jamii ya Wairaqw wa Mbulu na Hanang kuna utaratibu wa zamani wa miiko unaofuata vifo vya aina fulani, ambapo waliofikwa na kifo hutengwa kwa muda na majirani, hawachangii vyombo wala kinywaji, na muda huo huweza kuwa mrefu. Makanisa yameupunguza nguvu, na siku hizi vijana wengi wanausikia tu kwa wazee. Lakini wazo lake halijafutika: huzuni kubwa ina hatari, na hatari hiyo inaweza kumshukia mtu na kuwagusa walio karibu. Ndani ya wazo kama hilo, daktari anayesema "ugonjwa huu umetokana na mawazo yako" hatoi faraja. Anathibitisha hofu iliyokuwapo. Mjane aliyekwishahisi kwamba msiba umemng'ang'ania sasa anaambiwa na mtaalamu kwamba ndiyo, umeingia mpaka kwenye umio. Ikiwa jirani mwingine anataja mchawi, na mwingine anataja laana ya mzee aliyedhulumiwa, basi mgonjwa ana washitaki watatu na hakuna wakili.

Kwa hiyo maelezo ya Kichina kuhusu chanzo nayaacha yaende. Lakini tiba yao ya hisia ina jambo ambalo ningependa kuliazima, na nitalieleza kwa kisa kimoja. Zhang Zihe, daktari wa karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13, aliitwa kwa mwanamke aliyekuwa hali, akipiga kelele kwa hasira kila alipoletewa chakula, na madaktari kadhaa walikuwa wamekwishashindwa. Hakuandika dawa. Aliwapaka rangi wanawake wawili wakaja kuigiza mbele yake mpaka akacheka. Kesho yake wakapigana mieleka, akacheka tena. Kisha akawaweka wanawake wawili wenye hamu kubwa ya kula wakae kando yake wakila na kusifia kila tonge. Baada ya siku kadhaa naye akaomba aonje.

Mtu anaweza kukisoma kisa hiki kama mzaha. Mimi naona ndani yake uchunguzi sahihi: hamu ya kula ni jambo la mtu na wenzake, si la tumbo peke yake. Mgonjwa wa saratani katika vijiji vyetu mara nyingi hula peke yake, kwa heshima. Huandaliwa uji wake mapema, katika kikombe chake, ndani ya chumba chake, kwa sababu anakohoa na kutema, anaona aibu, na watu wanaona vigumu kumtazama. Saitokaini zimekwishamnyima njaa, na sasa upweke unaimalizia. Kumrudisha kwenye mduara wa familia wakati wa chakula, hata kama anachomeza ni vijiko vitatu vya maziwa, ni tiba ambayo Zhang angeitambua na ambayo haihitaji barua ya rufaa.

Sindano za Kichina, zile zinazochomwa bila dawa ndani yake, nazo zina mahali pake, padogo kuliko wauzaji wanavyosema. Jaribio la Marekani la wanawake 226 waliokuwa wakitumia vidonge vya kuzuia saratani ya titi isirudi, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba sindano halisi zilipunguza maumivu ya viungo kuliko sindano za kuigiza, ingawa tofauti ilikuwa ya wastani tu. Kwa usingizi, jaribio jingine la mwaka 2019 lililinganisha sindano na mazungumzo ya kitaalamu ya kurekebisha mazoea ya kulala, na mazungumzo yakashinda, ingawa sindano nazo zilisaidia. Upande wa dawa za mitishamba, pale Yale kundi la Yung-Chi Cheng limechukua mchanganyiko wa mimea minne wenye umri wa miaka 1,800, uliokuwa ukitumika kwa kuhara, na kuonyesha kwa panya kwamba unapunguza mchochota wa utumbo unaoletwa na dawa moja ya saratani. Na tusisahau kwamba arseniki, ambayo madaktari wa Harbin waliijaribu kwa saratani ya damu katika miaka ya 1970, leo ni tiba inayoponya wagonjwa wengi wa aina moja ya ugonjwa huo duniani kote. Ni sumu iliyopimwa, ikapewa dozi, ikafuatiliwa. Hapo ndipo ilipotengana na ile dawa ya Kichina inayouzwa mnadani ndani ya kopo.

Maana kopo ndilo linalofika Dirma. Wenye sindano wako Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Wachina wamekuwa kwenye tiba ya nchi hii tangu 1964, timu yao ya kwanza ilipofika Zanzibar, na 1968 wakaja Bara. Mwaka 1987 ukaanza ushirikiano wa kujaribu dawa zao za asili kwa wagonjwa wa UKIMWI pale Muhimbili. Ni historia ya heshima. Lakini anayesimama mnadani na kipaza sauti, na kopo lenye herufi za Kichina na picha ya uyoga, hana uhusiano wowote na historia hiyo. Anachokitumia ni imani ambayo tayari ipo. Mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliyefanya kazi Mbulu, aliandika mwaka 1999 kwamba Wairaqw kwa muda mrefu wamekuwa wakitafuta uponyaji kwa watu wa mbali nao kiutamaduni, kwa Wadatoga na kwa Waihanzu wa upande wa Singida, na kwamba hospitali ya wamisionari iliingia katika mpangilio huo huo badala ya kuuvunja. Hospitali ya Haydom ilipofunguliwa na Wanorwe mwaka 1955, ugeni wake haukuwa kasoro, ulikuwa sehemu ya mvuto wake. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wengine waliacha dawa za hospitali. Dawa ya China ina umbali wa kutosha kuaminiwa kabla haijafanya lolote.

Na mara nyingine inafanya, tena haraka. Mtafiti Elisabeth Hsu, aliyefuatilia wagonjwa wa kliniki za Kichina hapa Tanzania, alikuta kwamba sifa waliyoitaja mara nyingi ni kasi yake. Sasa nieleze kwa nini kasi hiyo hunitia wasiwasi ninapoisikia kwa mgonjwa wa saratani aliyenunua mnadani. Bibi aliyekuwa hali wala kuamka anapewa unga kwa siku tatu, siku ya nne anaomba supu, anatembea uani, anacheka na wajukuu. Familia inaona muujiza. Zipo dawa zinazoweza kufanya hivyo hivyo, nazo ni steroidi. Zinazima mchochota, na mchochota ukizimwa njaa inarudi na moyo unachangamka. Mwaka 2013 jaribio la wagonjwa wa saratani iliyokomaa lilionyesha kwamba deksamethasoni, miligramu 4 mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, ilipunguza uchovu kuliko vidonge visivyo na dawa. Ni kidonge cha bei ndogo, na madaktari wa tiba shufaa wanakitumia kila siku. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekamata bidhaa za "mitishamba" zilizochanganywa kwa siri na deksamethasoni na dawa za maumivu. Sijasema kila kopo liko hivyo. Nasema kopo linalofanya kazi siku ya tatu ndilo la kushuku zaidi.

Hatari nyingine haionekani siku ya tatu wala mwezi wa tatu. Mapema miaka ya 1990 huko Ubelgiji wanawake waliopewa vidonge vya kupunguza mwili vyenye mmea wa Kichina wa jamii ya aristolochia waliharibikiwa figo, na baadaye wengi wao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Asidi ya aristolochia sasa iko kwenye daraja la kwanza la visababishi vya saratani. Anayemnunulia mgonjwa wa saratani unga usiojulikana huenda anamnunulia saratani ya pili.

Kitu gani basi kifanyike kwa mgonjwa wa Dirma? Kwa umio uliokwishaziba, mionzi kwa miaka mingi ilikuwa ya kufuatwa Ocean Road, Dar es Salaam, baadaye na Bugando, Mwanza. Wengi hawafiki, na wanaofika huwa wamechelewa. Hilo ni tatizo la barabara, pesa na vipimo, na sina maneno matamu ya kulifunika. Lakini sehemu ya mateso inayotokana na mchochota na hisia inaweza kushughulikiwa karibu na nyumbani. Morfini ya maji ya kunywa hutengenezwa kwa unga wa bei ndogo, na hospitali za Kilutheri za kaskazini, tangu kazi iliyoanzia Selian, Arusha, zimeonyesha kwamba inaweza kumfikia mgonjwa kijijini. Maumivu yakitulia usingizi hurudi, na usingizi ukirudi sehemu ya kile tulichokiita sonona mara nyingi huondoka. Sehemu inayobaki inahitaji dawa ya sonona au mtu wa kuzungumza naye. Wakunga wa vijiji, wazee wa kanisa na wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kufundishwa kusikiliza: Zimbabwe iliwaketisha bibi wa kawaida kwenye mabenchi nje ya zahanati, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 likaonyesha kwamba waliozungumza nao walipungukiwa na sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Na muuguzi anayeipokea ile historia ya pili aiandike. Haitamwambia ugonjwa umetoka wapi. Itamwambia mgonjwa huyu amebeba nini kingine, nani amehama, nani bado yupo wa kula naye, na kama ile hasira ya shamba bado inamnyima usingizi saa tisa usiku.

Kuhusu kopo, ushauri wangu kwa ndugu ni mmoja. Kama mgonjwa ameanza kulitumia, usilifiche na usilitupe njiani mkienda hospitali. Njoo nalo. Kama ndani yake kuna steroidi na amekuwa akiinywa kwa wiki kadhaa, kuiacha ghafla kunaweza kumwangusha kwa udhaifu mkubwa, shinikizo la damu likashuka, akatapika na kupoteza fahamu, na daktari asiyejua habari ya kopo atadhani ni saratani imefika mwisho, wakati kuna sindano ya kumwinua siku hiyo hiyo.